Viungo Elfu Sita

Mkuu wa ofisi yetu ya ramani aliponiamuru nifute viungo vyangu kwenye kompyuta kabla ya saa sita, nilimwangalia usoni nikamwambia sifuti. Tangu lini nikamwogopa mtu kwa sababu kavaa tai?

Kosa langu ni hili. Mpima ardhi wa zamani, tuliyemwita Babu Rula, alihifadhi kila ramani kwa namba ya daftari alilochorea, wala si kwa namba ya kiwanja. Alipostaafu aliondoka na siri yake kichwani. Kompyuta ikabaki na folda elfu sita ambazo hakuna aliyejua zina nini, na amri kutoka juu: faili lisihamishwe, lisibadilishwe jina. Haya. Sikuhamisha, sikubadilisha. Nilizifungua moja moja, na ndani ya kila folda niliweka kiungo, yaani kijifaili kimoja cha maandishi: ramani hii ni ya kiwanja fulani, mwenyewe fulani, barua zake ziko folda ile. Kisha nikaandika programu ndogo ya kuvisoma. Ukibonyeza jina unafika kwenye ramani, ukibonyeza ramani unafika kwenye barua. Miaka miwili nilikula chakula cha mchana mbele ya skrini.

"Umechafua seva," alisema mkuu. "Wenye mfumo mpya wanakuja mchana. Wanataka mafaili safi."

"Wanayajua madaftari ya Babu Rula?"

"Hilo halikuhusu."

Linanihusu, tena sana! Dirishani alisimama mama mmoja, mjane, aliyetakiwa kufika baraza la ardhi saa nane. Jirani amemega kiwanja chake hadi mlango wa jikoni, na sisi tumemrudisha mara saba kwa "ramani haionekani". Nikamwita ndani.

"Mama, marehemu mzee aliitwa nani?"

Akataja. Nikabonyeza. Daftari la kumi na tisa, ukurasa wa nne: mipaka yote, na sahihi ya jirani huyo huyo. Mama akashika mdomo.

Nikamsogezea mkuu kibodi. "Futa mwenyewe, bosi. Anza na hiki cha mama, naye anaona."

Mama akavuta kiti, akakaa kati ya mkuu na kompyuta, mkoba mapajani.

"Mara saba nimesimama," alisema. "Leo nimekaa. Futa, mwanangu, nikuone."

Mkuu akatia mikono mfukoni. Nikachapa nakala tatu: moja ya mama, moja ya baraza, na ya tatu nikaiweka mezani kwa mkuu, wageni wake wakija awaulize wangeipataje bila viungo vyangu.