Sili Mbili za Trela ya Boti

Boti kupita Isiolo ni habari. Kufikia saa tano hoteli yangu ilijaa hadi mlangoni, na hakuna aliyefuata chai. Wote walikuja kuitazama, iko juu ya trela mbele ya gereji ya mume wangu Abdinajib, gurudumu moja likifuka moshi.

Mwenyewe, Esekon, aliivuta kwa pikapu kutoka Naivasha, akienda Loiyangalani. Kesho yake saa kumi jioni mkaguzi angekuja ziwani huko. Boti isipokuwa majini, leseni aliyoomba inapewa mwingine.

"Uliingiza trela majini magurudumu yakiwa moto?" Abdinajib alimuuliza.

"Nilikuwa naijaribu boti."

"Basi yalivuta maji. Ona!" Grisi ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, beringi zimeshika kutu. "Beringi ninazo. Mwambie mke wangu ampigie Siyad wa spea alete sili mbili, ile mipira ya kuzuia maji. Haraka! Siyad akifunga kwa swala ya adhuhuri, harudi mpaka alasiri."

Hayo nilisimuliwa baadaye. Mimi niliona tu mtu amechoka anaingia.

"Karibu ndugu. Pilau ama anjera?"

"Sili, mama."

"Huli?"

"Sili! Mbili!"

"Sahani mbili ndiyo huli? Na moja?"

Doyo wa bodaboda akadakia, "Anaogopa utamlisha ngamia."

"Ngamia ameua nani?" Nikamkalisha Esekon, nikamwekea pilau. Akasimama. Nikamkalisha tena. Kwangu mgeni haondoki na njaa.

"Mama, sili ya gurudumu!"

"Kumbe gurudumu nayo inakula?" Doyo akasema, na nyumba nzima ikavunjika mbavu. Adhana ikatukuta tukicheka.

Abdinajib akaingia, grisi mpaka kwenye viwiko. "Fardowsa, Siyad amesemaje?"

"Siyad gani?"

"Wallahi, huyu mwanamke!"

Nilikimbia mwenyewe kwa Siyad. Mlango umefungwa, simu imezimwa. Doyo alizunguka mji mara tatu, akarudi na umbea tu. Na Esekon, akitazama saa ya ukutani, sasa ndiyo hakula kweli.

Sili zilipatikana baada ya alasiri. Abdinajib alisindilia grisi kwenye beringi kwa kiganja mpaka ikatokea upande wa pili, akagongea sili kwa kipande cha mbao, kila pigo na lawama kwangu.

"Ukifika, usiguse maji mpaka magurudumu yapoe," alimwambia Esekon. "Shika kwa mkono kwanza."

Nikamfungia pilau kwenye kopo, akaondoka.

Kesho yake saa tisa unusu simu ikalia. Nikaweka spika, hoteli imejaa.

"Mama, tumefika. Mkaguzi amekuja mapema, anauliza tunangoja nini."

"Kwani mnangoja nini?"

"Magurudumu yapoe." Nyuma yake mtu alikuwa anafoka. "Haya, amekubali nusu saa."

"Basi mpe ile pilau atulie."

"Mama, hiyo niliimaliza Laisamis."