Vyoo vya Juu ya Chemchemi

Kabla ya vita Salvator alifunga mabomba katika nyumba nyingi za Rohero, katikati ya mji. Mwaka 1995 familia yake ilifukuzwa katika mtaa wao wa Mutakura, ikakimbilia kambi ya wakimbizi huko Gihosha, mlimani, na shirika moja la msaada likampa kazi ya kuchimba vyoo. Kambi ilikuwa na watu karibu elfu mbili na chemchemi moja. Watu walijisaidia migombani, na mvua zilikuwa zinakaribia.

Vyoo vilipaswa kuwa upande wa chini wa chemchemi, lakini huko ardhi ilikuwa mwamba. Waligonga sururu siku mbili nzima, shimo likafika magotini tu. Upande wa juu udongo ulikuwa laini. Pierre, msimamizi wa kambi, akamwambia achimbe huko huko.

"Uchafu utashuka kwenye maji," Salvator alisema.

"Ni ya mwezi moja tu. Bomba ya kutoka mjini inakuja, hii chemchemi tutaifunga."

Salvator akapima kwa hatua kutoka mashimo hadi chemchemi, akaona hazitoshi. Akachimba. Mabomba nayo yakakwama njiani kwa sababu magari yalikuwa yanashambuliwa. Mwezi ukapita, wa pili ukaingia.

Kila asubuhi alishuka kwa baiskeli hadi bohari ya shirika, Rohero, na kila jioni alipanda na bidoni moja, dumu la plastiki, lenye maji ya mjini. "Haya ni matamu," alimwambia mkewe, Dorothée. "Amandine asinywe mengine." Amandine, binti yao, alikuwa na miaka minne. Dorothée alicheka, akasema mume wake amezoea mambo ya wakubwa, lakini alimtii. Wao wawili walikunywa ya chemchemi.

Mvua ziliponyesha, watu wakaanza kuharisha damu. Kuchemsha maji kulitaka kuni, na waliokwenda kutafuta kuni mlimani wengine hawakurudi. Katika kibanda cha jirani alikaa Marguerite, mama kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akiuza ndagala, yaani dagaa, sokoni. Mwanawe Divin, wa miaka sita, aliugua Jumamosi akafa Jumanne. Salvator ndiye aliyechimba kaburi, kwa sababu alikuwa na sururu.

Jioni ile alimwendea Pierre. Pierre akasema mabomba yamefika mpakani, na kwamba watu wakisikia habari ya maji watatawanyika waende kule kunakopigwa risasi. Salvator aliogopa hayo, na aliogopa pia kufukuzwa kazi. Akanyamaza.

Wiki iliyofuata, akiwa Rohero, vijana wenye silaha walifunga barabara zote. Wenyewe waliiita ville morte, mji umekufa: aliyetoka nje aliuawa. Salvator alijifungia boharini siku mbili. Mlimani, bidoni iliisha mchana wa siku ya kwanza. Kulikuwa na joto, Amandine akalia kiu, na Dorothée akachukua kikombe akachota yale maji ambayo yeye mwenyewe alikuwa akinywa kila siku.

Siku ya tatu Salvator alipofika, mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka, macho yameingia ndani.

"Amekunywa nini?" akauliza.

Dorothée alimtazama. "Tangu jana anaharisha. Hata haujaniuliza ana nini."

Walimpa maji ya sukari na chumvi kwa kijiko. Salvator alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya, akakuta vitanda vimejaa na dawa zimekwisha. Amandine alikufa asubuhi ya siku ya pili, mkono wake mmoja ukiwa umeshika kola ya shati la baba yake. Ilibidi Dorothée amfungue vidole kimoja kimoja.

Baada ya maziko majirani walikaa nje ya kibanda. Marguerite alimgeukia Salvator. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Baba Amandine, mi nilikuwa naona ile bidoni kila siku. Nilisema pengine mutoto ana tumbo ya shida. Sasa niambie. Sababu gani wa kwako alikuwa anakunywa maji ya Rohero?"

Salvator alijaribu kusema maji ya mjini ni matamu, kisha akaacha. Akawaeleza yote: mwamba, udongo laini, hatua alizopima.

"Ulijua," Dorothée alisema.

"Nilijua."

"Na Divin alipokufa?"

"Nilijua."

Marguerite alijifunika uso kwa kitenge, akainuka, akaingia kibandani mwake. Hakuna aliyemfuata.

Kesho yake alfajiri Salvator alisimama kwenye chemchemi akamzuia kila aliyekuja na ndoo, akimweleza. Pierre alikana kila kitu. Wanaume wengine walimpiga Salvator hadi akapoteza jino, kisha hao hao wakachukua sururu wakaenda naye kuvunja mwamba upande wa chini. Iliwachukua siku tisa. Mashimo ya juu waliyamwagia chokaa wakayafukia. Bomba lilifika Februari ya mwaka uliofuata, na watoto wakaacha kufa kwa kuharisha.

Dorothée hakuliona. Alikuwa amekwenda kwa dada yake, mtaa wa Bwiza, mjini. Salvator alimfuata huko siku moja ya Machi. Dorothée alimletea kiti, akamwekea chai, kama mtu anayempokea mgeni.

"Bomba inatoa maji," Salvator alimwambia.

"Nimesikia."

Salvator alishika kikombe. Kisha akasema, "Nilitaka kukuambia. Kila siku nilitaka kukuambia wewe tu, peke yako."

"Apana," Dorothée alisema. "Ungeniambia mi, ningemwambia Mama Divin saa ile ile. We unanijua. Ndiyo maana haukuniambia."

Salvator alikunywa chai ikaisha. Dorothée akainuka akatazama barabarani.

"Nenda," akasema, "kabla wale vijana hawajafunga njia."

Alimshikia baiskeli hadi mlangoni, akamkabidhi, akarudi ndani.