Mgeni wa Jumapili kwa Mama Mbona

Ukiwa na mtoto mkubwa serikalini, mlango wako unapata wenyewe wengi. Mama Mbona hakulijua hilo na hakuna aliyemwambia, ndiyo maana habari yake inafaa kusikiwa na kila mzazi ambaye mtoto wake anapanda.

Jina la Mama Mbona alilipata kwa kijana wake wa kwanza, ambaye tangu ajue kusema alikuwa na neno moja mdomoni. Mbona nyanya leo ghali na juzi zilikuwa za kutupa? Mbona baba wa jirani ana kazi mbili na bado anakuja kuomba chumvi? Mama mtu aliishia darasa la saba. Majibu hakuwa nayo, alikuwa na vitisho tu. "Hebu niondolee mbona zako hapa, nenda kamuulize mwalimu." Akaenda. Mwalimu akampeleka kwa mwalimu mwingine, maswali yakamfikisha chuo kikuu, na chuo kikuu kikampeleka ng'ambo. Profesa wake alipopewa kuongoza benki kuu, akamchukua. Kule benki kuu waziri wa fedha alimsikia siku moja akibisha kwenye kikao, kwa adabu lakini akibisha, akasema, huyu namtaka. Basi Mbona akawa mshauri wa uchumi wa waziri, akiwa amepokezanwa mkono kwa mkono kama mtoto anayevushwa barabara.

Mtaa ulifurahi kumpita yeye mwenyewe. Huyu akaleta mjukuu anayetafuta kazi, yule akaleta shida ya leseni. Mama alipomweleza mezani, Mbona alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Mama, waambie mshauri hana muhuri. Mimi nasema, waziri anaamua. Mali yangu ni moja tu: nikitoa neno, waziri anajua ni langu. Siku akidhani neno langu lina mwenyewe mwingine, nitafute kibanda niuze maji."

Mama Mbona alilishika neno hilo kwa namna alivyolielewa. Akakataa zawadi. Kitambaa kilirudi na karatasi yake, kuku alirudi na kamba yake miguuni. Watu wakasema anaringa, akaendelea kurudisha. Alijua hatari huja imebeba kitu mkononi. Mtu wa mikono mitupu hakumtia hofu.

Na mtu aliyemponza alikuja mikono mitupu. Walikutana hospitali, kwenye foleni ya mifupa, mama akiwa na goti lake. Mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, sauti ya chini. Alimpisha kwenye benchi, kisha akamrudisha nyumbani kwa gari lake. Njiani akasema mama yake mzazi alifariki zamani, na hajawahi kukaa na mtu anayemkumbusha mama huyo hivi. Baada ya hapo akawa anapita kumjulia hali. Hakuleta hata kiberiti. Alikaa, akanywa chai, akasikiliza. Mbona akija alikuwa jicho moja kwa mama na moja kwenye simu. Huyu aliuliza goti linaendeleaje, na alikumbuka ni goti la kushoto.

Binti mdogo wa Mama Mbona, fundi cherehani aliyeshonea pale pale sebuleni, hakumpenda tangu mwanzo.

"Mwenye gari kama lile kweli amekosa mama mji mzima?"

"Wa kwake alikufa."

"Si aende kaburini. Mimi namwona anamlilia mama wa watu."

"Wewe una roho ya kwa nini. Shona."

"Nashona, Mama. Lakini mla nawe hafi nawe."

"Nimesema shona."

Jumapili Mbona alikuwa anakula kwa mama yake, labda awe safarini. Jumapili moja yule bwana akapita, kwa bahati tu, alivyosema, wakati sahani zinawekwa. Ungekuwa wewe ungemfukuza? Mama Mbona akavuta kiti. "Karibu baba, chakula hakina mwenyewe." Wakala wote wanne. Bwana yule alizungumza mpira, akazungumza goti, akamsifu fundi kwa mapazia, fundi akamjibu kwamba mapazia yalinunuliwa dukani. Dereva wake alipoingia kumwita, bwana akamwomba awapige picha ya ukumbusho kwa simu. Mama katikati, watoto kulia, yeye kushoto, mkono kwenye bega la mama.

Sasa sikiliza kosa lilipokaa. Mbona, ambaye maisha yake yote ni kuuliza, pale mezani hakuuliza. Tangu akiwa mdogo, akimuuliza mgeni anafanya kazi gani, anapata ngapi, mama yake alimfinya paja chini ya meza. Mgeni haulizwi. Mgeni anakula, anashiba, anaenda. Ofisini Mbona angemhoji hata mkuu wa jeshi, lakini kwenye meza ya mama yake alikuwa bado yule mtoto wa kufinywa. Mama naye hakuwahi kumuuliza yule bwana. Aliona ni umbea. Jumapili zikapita hivyo, na kiti kikazoea mtu wake.

Halafu Mbona akaja Jumanne, mchana, kwa miguu. Mama yake alikuwa anachambua mchele uani. Alipomwona bila gari na bila tai, akauweka ungo chini.

"Mama, yule bwana anauza nini?"

"Mimi nitajuaje, baba? Ni mfanyabiashara."

"Anauza saruji. Anaiagiza nje."

Akakaa kwenye kigoda, mtu mzima na suruali yake ya ofisini, akamweleza taratibu. Nchi nzima ilikuwa na kiwanda kimoja cha saruji, na mwenye kiwanda alipanga bei apendavyo. Ndiyo maana mtaani kwao nyumba zilisimama kwenye lenta, juu tu ya madirisha, mpaka zikaota majani. Karibu mwaka mzima Mbona alikuwa anamwambia waziri, punguza ushuru wa saruji ya nje, watu wamalize nyumba zao. Waziri akakubali, jambo likawa tayari kwenda baraza la mawaziri. Hapo ndipo mwenye kiwanda alipokwenda kwa waziri na ile picha, iliyokwisha kuzagaa kwa wafanyabiashara. Mwagizaji wa saruji, mshauri wa waziri, meza moja, mkono begani kwa mama.

"Lakini hajakuomba kitu," mama akasema. "Wala mimi hajaniomba."

"Hakuwa na haja ya kuomba. Kuonekana kulimtosha."

Mama Mbona hakubishana. Alijifunga kanga, akajikokota na goti lake mpaka ofisini kwa yule bwana. Alitaka kusikia kwa masikio yake. Kwenye chumba cha kungojea, ile picha ilikuwa ukutani, kubwa, kwenye fremu ya dhahabu. Wafanyabiashara waliokuwa wamekaa wakainuka wote kwa shikamoo, kumbe wanamjua kwa sura. Mmoja akamsogelea sikioni. "Mama, na mimi nina jambo langu dogo, ukimwona mwanetu."

Mwanetu. Akahisi kama mtu amemtia mkono mfukoni.

Bwana alitoka mwenyewe kumpokea, kwa upole ule ule. "Mama, karibu. Goti vipi?"

"Nimekuja kuchukua picha yangu."

Akaitoa ukutani bila ubishi, akaifuta vumbi, akampa. "Chukua, Mama. Ninazo nyingine."

"Umeniulia mtoto."

"Nimemsingizia nani, Mama? Sijamwambia mtu kwamba amenisaidia. Watu wanaona picha, wanafikiri wenyewe. Na mapenzi yangu kwako ni ya kweli, Mungu shahidi."

Kilichomwumiza ni kwamba aliona hasemi uongo. Mtu anaweza kukupenda na huku anakutumia, kama mwenye ng'ombe anavyompenda ng'ombe wake.

Waziri hakuwa mtu mbaya. Alimpa Mbona njia ya kutokea: aseme hamjui yule mtu, mama yake ni mzee, amerubuniwa. Mbona akakataa kumfanya mama yake mjinga mbele ya watu ili yeye abaki na kiti. Tena akaona mbali zaidi. Akimaliza kujisafisha, saruji itabaki chafu, kila mtu atasema ushuru umeshushwa kwa ajili ya rafiki wa mshauri. Akamwambia waziri, mimi niache niende, na jina langu litoke kabisa kwenye jambo hili. Mlete mtu mwingine aliangalie upya. Akiona ni sawa, lipite kwa jina lake.

Akaenda kufundisha chuo, masomo ya jioni. "Mama, naomba kitu kimoja," alisema. "Ushuru ukishuka, usiseme ulikuwa wangu. Neno hilo likitoka mdomoni mwako, mwenye kiwanda ataurudisha palepale."

Ushuru ulishuka mvua zilipokwisha. Mtaa ukajaa mchanga na kokoto, malori ya yule bwana yakawa yanapishana, naye hakukanyaga tena pale. Nyumba ya jirani, yule wa chumvi, ikaanza kupata paa. Mkewe alikuwa amesimama kwenye kifusi, mikono myeupe kwa saruji, Mama Mbona alipopita kutoka sokoni.

"Shoga, umeona mambo ya mshauri mpya? Miezi michache tu, saruji hiyo, tunainunua kama unga. Wako alikaa miaka yote, alitufanyia nini?"

Ndani, cherehani ilinyamaza. Binti alikuwa amesimama dirishani na mkasi mkononi, mdomo umeshafunguka. Mama yake akamkata jicho, ukafungwa.

"Hongereni," Mama Mbona akasema. "Jengeni, shoga. Jengeni mapema kabla bei haijapanda."

"Halafu eti alisoma mpaka ng'ambo."

"Ndiyo. Alisoma."

Akapita na kapu lake, akaingia ndani, akakaa karibu na cherehani.

"Mama," binti akasema, "utaweza kulibeba hilo mpaka lini?"

"Mpaka wamalize kuezeka," akasema mama yake. "Shona, mwanangu. Leo piga kelele na hiyo cherehani."