Fisi Aomba Kufutwa

Itambulike kwa walimwengu wote, waliopo na watakaozaliwa, kwamba asubuhi ile ulizinduliwa mchoro mkuu wa zama zetu. Ulizinduliwa kwenye mlango wa choo cha zahanati, kwa misumari miwili iliyopinda, maana hapo ndipo kila mgonjwa hupita. Msimulizi aliyaona kwa macho yake. Yeye si kasuku wa kukariri ya watu.

Mchoraji alikuwa binti aliyeitwa Sindano, kwa sababu ya kazi yake: hupaka nta kwenye bamba la shaba, huchora kwa sindano, hulitia tindikali mpaka mistari ilike, kisha huchapa kwa wino. Safari hii alichora fisi mwenye tai akitoka mlango wa nyuma na gunia la dawa. Wagonjwa walicheka wakashika mbavu. Kila mmoja alimtambua Bwana Mkuu wa zahanati. Mama yake Sindano, ambaye kifua kilimbana tangu mvua zianze, alikuwa amerudishwa mikono mitupu tena.

Jioni fisi mwenyewe, yule wa porini, alibisha hodi kwa kina Sindano, akajifuta miguu mlangoni.

"Karibu, baba," mama akamwambia, akikohoa. "Ingia, upepo huo si mzuri."

Fisi akakalia kigoda. "Dada, nimekuja kwa heshima. Mizoga nakula, sikatai. Lakini dawa ya mgonjwa? Tangu lini? Wanangu hawatoki nje kwa aibu."

"Nilitaka watu wamjue yule bwana," Sindano akajibu.

"Basi mchore yeye. Mimi nimekukosea nini?"

Mama akasema mgeni ana haki yake. Sindano akamkwangua fisi kwenye shaba, akalilainisha bamba, akamchora Bwana Mkuu mwenyewe: kipara, tai, mlango wa nyuma, gunia. Hakuacha hata chunusi ya puani. Fisi akashukuru, akaenda zake.

Kesho yake mchoro mpya ulipigiliwa palepale mlangoni, na hakuna aliyecheka.

"Kumbe ndiye!" mzee mmoja akasema, akivua kofia. "Mtazameni anavyotubebea dawa mgongoni, masikini."

Bwana Mkuu aliubandua kwa mkono wake, akautia fremu, akautundika juu ya dirisha la dawa.

Zamu ya mama ilipofika, muuguzi alisema, "Zimeisha, bibi. Rudi wiki ijayo."

Mama aliinua macho, akautazama mchoro. "Mikono inavyolikumbatia gunia umeipatia, mwanangu." Wakarudi nyumbani polepole, mama akipumzika kila penye ukuta wa kuegemea.

Hadithi ingeishia hapo, ila tangu jana kasuku, yule niliyemsema mwanzoni, amekaa dirishani kwangu. Analalamika kwamba yeye hukariri alichosikia, neno kwa neno, wala haongezi. Haya, nakiri: sikuwapo. Nilisimuliwa kwenye foleni, na ile chunusi nimeibandika mimi. Nikamwomba radhi. Akanitaka nitamke basi neno lile moja ambalo sikulitia chumvi, naye akalifuatisha vilevile, kwa sauti ya muuguzi:

"Zimeisha, bibi. Rudi wiki ijayo."