Lundo Nyuma ya Duka

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi, Mama Laurentine alivaa glavu za mpira, akafungua bidoni ya javel, ile dawa ya kusafishia vyoo, akaimwagia mikate. Halafu mtindi, nyanya zilizolegea kidogo, na kabichi ambazo kosa lake lilikuwa jani moja la nje. Javel ilihakikisha hakuna atakayekuja kuokota. Duka liliwauzia watu wa Karavia, mtaa wa matajiri, na lilijali sana afya ya maskini.

Mwezi wa tisa, meneja Gauthier alipelekwa semina ya siku mbili hotelini, kuhusu maduka na chakula kinachotupwa. Alirudi na cheti, kofia ya kijani na kijitabu. Ukurasa wa kwanza ulisema chakula kinacholika kipewe watu kwanza. Wa pili ulitaja kulisha nguruwe na kuku. Gauthier alianzia ukurasa wa tatu, penye picha ya mboji.

“Mama Laurentine, javel tunaacha. Byakula byote utabiozesha pale nyuma, bitakuwa budongo.”

Laurentine aliijua kazi hiyo kuliko kijitabu. Kwao walilima kabla ya mgodi wowote kufunguliwa. Alipanga majani makavu, kisha mboga, kisha majani tena, akanyunyiza maji, akageuza kwa uma kila siku ya tatu. Alimweleza Gauthier kwamba nyama na maziwa huleta panya. Gauthier akajibu kwamba bango alilotundika mlangoni limeandikwa “vyote”. Basi vikaingia vyote.

Laurentine mwenyewe alikuwa na shamba dogo Ruashi, lililomeza vumbi la mgodi mpaka likachoka. Miaka miwili mfululizo mahindi yalifika magotini, yakageuka manjano. Wanawe watatu walikula bukari, yaani ugali, ya unga wa kununua, siku iliponunulika. Alipoona lundo likianza kuwa jeusi na laini, alitamani gunia moja tu kabla ya mvua za kupandia.

Wiki ya tatu lundo liliota. Mtindi ulitambaa ukutani kama mboga ya maboga, vikopo vinaning'inia, vifuniko vimebana vizuri. Mikate ilichomoza asubuhi ikiwa moto, imeshakatwa vipande. Soseji zilichelewa kidogo kwa sababu ya kivuli. Kila kitu kilikuwa na tarehe mpya. Laurentine alizikagua moja moja, zikawa sahihi. Gauthier akaleta vikapu vya kuvunia.

Ungedhani sasa duka litagawa. Thubutu! Gauthier aliagiza bidhaa mara mbili ya zamani, kwa kuwa kilichotupwa kilirudi chenyewe, na kutupa hakukumuumiza tena moyo, kama kuliwahi kumuumiza. Mabibi wa Karavia walisema mkate wa lundo una ladha. Mbwa wao waliafiki.

Laurentine alingoja mkubwa wake amalize kahawa, akachutama kidogo, akapiga makofi mawili ya heshima.

“Patron, minaomba kasaki kamoya ka ule budongo. Shamba yangu ya Ruashi ilichoka. Batoto banakula mara moya ku siku.”

“Mama, minakuhurumia, kweli. Lakini ule budongo iko marchandise, kintu ya kuuzisha. Marchandise habapane bure. Kesho Ruashi yote itakuya na basaki.”

Tangu siku hiyo Chanda, mlinzi wa geti, aliamriwa kumsugua Laurentine kucha kwa brashi kila jioni kabla hajatoka, na soli za viatu pia. Chanda alikuwa mtu wa haya. Alisugua huku akitazama pembeni.

“Unisamehe, mama. Njo kazi.”

“Sugula tu, baba.”

Udongo ukatiwa kwenye mifuko, uuzwe kwa ajili ya maua. Mashine ya duka ilikataa bidhaa isiyo na tarehe ya mwisho, hivyo Gauthier akaupa siku kumi na nne. Hakuna aliyecheka. Watu wa Karavia, ambao bustani zao hazikuwa na njaa, walinunua mifuko michache. Siku ya kumi na nne iliangukia Jumamosi, mawingu mazito yamesimama upande wa Ruashi. Mifuko iliyobaki ikarundikwa nyuma ya duka, na bidoni ya javel ikatolewa stoo.

Laurentine akaomba tena, safari hii bila makofi.

“Patron, hii inatupwa. Munipe tu ile inatupwa.”

“Iliisha date, Mama Laurentine. Muntu akigonjwa, nani atajibu?”

Laurentine aliimwagia javel. Angekataa, Jumatatu angekuwa hana hata kazi. Udongo ulikohoa kama mtu aliyepaliwa, kisha ukanyamaza. Gauthier akampa karatasi inayosema udongo umeharibiwa kwa kuwa haufai, naye Laurentine akatia sahihi chini ya jina lake. Pembeni lundo liliendelea na shughuli zake. Wiki hiyo lilianza kuota mayai.

Jumapili mvua ilinyesha, nzuri, ya kutosha, juu ya shamba lililokufa. Laurentine alichimba, na binti yake Bénie akamfuata nyuma akitia punje tatu kila shimo. Mtoto alimtazama usoni, akamuuliza kwa nini analia na mvua imekuja.

“Nilichoka tu, mama,” Laurentine alimwambia bintiye, akachimba kwa hasira shimo lingine.