Miguu ya Bunduki ya Meinrad

Ukitaka kumvuruga akili mtu aliyepiga shabaha miaka hamsini kwa mikono yake mwenyewe, mpeleke dukani akachague miguu ya bunduki. Meinrad Zurfluh alipelekwa, au tuseme alijipeleka, akatoka humo kichwa kinamzunguka kuliko alivyoingia.

Sababu ilikuwa bega. Tangu lilipopasuliwa mwezi wa Novemba, mkono wake wa kushoto ulikuwa hautulii. Akilala kifudifudi mkekani na kuinua bunduki, ile ya zamani ya jeshi aliyopewa akiwa kijana, mtutu ulikuwa unachezacheza tu mbele yake. Mwaka huu ametimiza miaka sabini, na chama cha wapiga shabaha kinawaruhusu wazee wa umri huo kuifunga bunduki miguu miwili kwa mbele, iegemee chini, mkono upumzike. Vijana wenye bunduki za siku hizi wanapewa na miguu yake, wala hawaoni ni jambo la kuzungumza. Meinrad aliona aibu kidogo. Lakini Oktoba ilikuwa inakuja, na hofu ya Oktoba ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Oktoba ndiyo mashindano ya shabaha ya Mtakatifu Wendelini, kule juu mlimani. Kila chama bondeni kinapeleka watu wanane, hawazidi, na majina yao husomwa kwa sauti mbele ya kanisa dogo kabla ya risasi ya kwanza. Jina la Meinrad lilikuwa limesomwa miaka arobaini na mmoja mfululizo. Mwaka huu saba walikwisha kupatikana. Nafasi ya nane ilibaki kati ya watu wawili, na ingeamuliwa Jumamosi ya tatu ya Mei, risasi kumi kwa kila mmoja. Wa kwanza Meinrad. Wa pili binti yake Mechtild, ambaye alikwisha kuijaribu nafasi hiyo mara tisa na hajasomwa hata mara moja.

"Baba, usije ukanionea huruma," Mechtild alimwambia siku ile ilipotangazwa.

"Huruma ya nini? Mimi nakuja kukushinda."

Na alimaanisha. Alikuwa ametengeneza jibini maisha yake yote, na jibini sasa linatengenezwa na wengine. Mkewe alikuwa amefariki. Alibaki na ng'ombe wawili wa kujifurahisha, na hilo jina lake mbele ya kanisa. Likiacha kusomwa, hakujua Oktoba ingekuwa ya kazi gani, na alilifikiria jambo hilo hata akiwa anakamua.

Basi akaenda kwa Imholz, fundi wa bunduki, duka lililo nyuma ya stesheni. Imholz akampangia juu ya meza jozi sita.

"Unataka mifupi au mirefu?"

"Nataka inayosimama."

"Yote inasimama, Meinrad. Swali ni unataka isimame vipi."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kulikuwa na miguu yenye springi na miguu ya kuvuta kwa kitufe. Kuna inayogeuka kushoto na kulia, kuna inayolala upande mmoja kama sakafu haiko sawa, na kuna isiyotaka kufanya lolote kati ya hayo. Mwisho wa mguu unaweza kuwa na mpira, au ncha ya chuma, au kibati cha kuteleza. Halafu unaifunga wapi? Ukiifunga karibu na mdomo wa mtutu, alisema Imholz, bunduki inatulia vizuri zaidi, ila risasi inaweza ikapanda. Ukiifunga karibu na magazini, pale risasi zinapokaa, risasi haipandi, ila na kutulia nako kunapungua.

"Sasa nifungie wapi?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Wewe mwenyewe, unavyolala."

Meinrad alikuwa analala hivyohivyo tangu ana miaka ishirini, na hakuna aliyewahi kumuuliza analalaje. Imholz akampa kijitabu chenye maelezo ya kila jozi. Akakifungua, akakisogeza mbali, akakisogeza karibu, akakirudisha mezani. Alisema siku hizi wanaandika vitabu kwa ajili ya sisimizi. Kisha akashika jozi moja baada ya nyingine mkononi, akanunua ile iliyokuwa nzito na ya baridi, kwa kuwa kitu kizito hakidanganyi. Faranga mia mbili na arobaini zikatoka.

Leonz Herger, mkuu wa chama, alikuwa mtu mnene mpole ambaye amepiga shabaha na Meinrad tangu wote wawili wana nywele. Aliipindua ile miguu mkononi, akafungua orodha yake.

"Haimo."

"Haimo wapi?"

"Kwenye orodha. Hapa hatufungi kitu kwenye bunduki ya jeshi kama hakimo kwenye orodha ya jeshi. Unajua hilo tangu hujaoa."

"Lakini nilikuuliza. Ukasema ninunue mifupi."

"Nilisema mifupi. Sikusema mifupi yoyote."

Miguu ya pili ilikuwa imo kwenye orodha, lakini ilikuwa mirefu. Meinrad alipolala nayo kifua kilikuwa hewani na viwiko vinaelea, na Mechtild, aliyekuwa anafagia maganda ya risasi nyuma yake, akasema anaonekana kama kuku anayetafuta pa kutaga. Siku hiyo alipiga sitini na moja katika mia, alama mbovu ambayo hata akiwa na mafua hajawahi kuipiga. Alikaa benchini akaikodolea macho ile miguu. Ilikuwa imesimama vizuri. Bunduki ilitulia. Kwa nini basi risasi zilitawanyika kama kuku wamerushiwa jiwe? Alijaribu kukumbuka kila alichoambiwa na Imholz na kila alichoambiwa na Leonz, na viwili hivyo vilipokutana kichwani vikaanza kugombana.

"Twende wote kwa Imholz," Mechtild akasema.

"Wewe twende ya nini? Wewe ni adui yangu."

"Adui yako ana gari na ana jioni nzima. Panda."

Dukani alimlaza baba yake sakafuni, mbele ya wateja, akampima kwa mkanda wa seremala kutoka chini hadi kwenye kidevu. Akamsomea orodha kwa sauti, mstari kwa mstari. Akachagua jozi ambayo Meinrad hata hakuiona mara ya kwanza, mifupi, ya kijivu, yenye mpira mwishoni, isiyogeuka wala kuinama. Akasema ifungwe katikati, si mbele wala nyuma. Kisha akamfundisha kuisukuma kwa kifua mpaka ile mipira iume sakafu, kwa sababu juu ya saruji miguu isiyosukumwa huruka.

"Mbona unanisaidia?" Meinrad akauliza ndani ya gari. Jambo hili nalo lilikuwa linamsumbua.

"Nisipokusaidia utasema umeshindwa kwa sababu ya miguu. Nitasikia habari za miguu hiyo mpaka nizeeke."

Jumatano akaijaribu. Alilala peke yake nafasi namba moja, mwisho kabisa wa banda la kupigia, pembeni ya ukingo wa nyasi, na shabaha yake ya mwisho kabisa kwenye mstari, akapiga themanini na nane. Leonz akamnunulia divai nyeupe. Meinrad alirudi nyumbani anapiga mluzi, amekwisha kuona jina lake limesomwa mara ya arobaini na mbili. Usiku huo alilala vizuri, kitu ambacho hakikuwa kimetokea tangu Pasaka.

Jumamosi hali ya hewa ilikuwa safi, upepo kidogo tu kutoka mtoni. Banda zima lilikuwa na watu. Meinrad akapewa nafasi namba nne, Mechtild namba tano, mikeka yao imepakana. Shabaha ziko mita mia tatu mbele, zimejipanga mstari mmoja chini ya msitu, na kando ya kila mpigaji kuna kioo kidogo kinachoonyesha risasi imeingia wapi. Leonz akakaa nyuma na karatasi zake.

Mechtild akapiga ya kwanza. Meinrad hakutazama. Akaisukuma miguu kwa kifua mpaka ikauma saruji. Tangu azaliwe hakuwahi kuona mtutu umetulia namna ile. Kule mbele doa jeusi lilikuwa limekaa juu ya ncha ya kulengea, limelegea kidogo pembezoni, lakini limekaa. Akatoa pumzi nusu, akafyatua.

Kioo kikaandika sifuri.

Akatazama kioo. Akatazama miguu. Akaigusa skrubu, ilikuwa imekaza. Labda aliivuta vibaya. Akalala tena, akalenga polepole, akafyatua.

Sifuri.

Jasho likamtoka chini ya kofia. Miaka hamsini, na katika miaka hamsini sifuri zake unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Je, miguu imeinua mtutu, kama Imholz alivyosema? Au imeushusha? Au ingefungwa mbele? Akapiga ya tatu kwa uangalifu ambao hakuwahi kuutumia hata kwenye harusi yake, na alipoiachia alijua moyoni kwamba imeingia katikati kabisa. Mpigaji hujua.

Sifuri.

Akainua mkono. Leonz akaja, akapiga magoti kwa taabu, akatikisa miguu, akachungulia mtutu.

"Kila kitu kimekaza," akasema.

"Basi imepinda. Hii miguu imepinda, Leonz. Nimepiga tatu nzuri na hazipo. Zimekwenda wapi?"

Kwenye mkeka namba tano Mechtild alikuwa ameacha kupiga muda mrefu. Akavua viziba masikio.

"Leonz, njoo utazame kwangu."

Kioo chake kilikuwa na tisa moja na kumi tatu.

"Mimi nimefyatua moja," akasema. "Ile tisa."

Leonz akatazama kioo kile, akatazama hiki, kisha akaanza kucheka mpaka tumbo likatikisika. Wa nyuma nao wakacheka. Mzee amempigia binti yake. Kila aliyelala katika banda lile ameshawahi kupiga shabaha ya jirani, ni jambo la kununua chupa moja na kuendelea kusimuliwa miaka mitano. Sheria inasema risasi ya namna hiyo ni sifuri kwa aliyepiga, na tatu ni nyingi mno. Lakini Leonz alikuwa rafiki wa miaka arobaini.

"Miguu mipya," akasema. "Mwili haujaizoea, umejipanga upande. Leo ni mambo yetu wenyewe ya nyumbani. Aanze upya. Mechtild, una neno?"

"Sina."

Meinrad akalala tena. Furaha ilimrudia, mbio mbio. Kumbe ilikuwa ni kujipanga tu. Na zote tatu kumi! Akaisogeza bunduki upande wa pili, akaisukuma, akatulia. Mechtild akachuchumaa kando ya kichwa chake.

"Baba. Shabaha unayoilenga ina namba gani?"

"Nne."

"Usiseme namba ya mkeka. Isome kule."

Akatazama. Juu ya doa jeusi kulikuwa na kitu cheupe, na juu ya kile cheupe kulikuwa na kitu. Kingeweza kuwa nne. Kingeweza kuwa herufi, au ndege ametua. Akafumba jicho, akalifumbua, akatazama kwa lile jingine.

"Nne," akasema tena, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Unalenga tatu. Sasa umepita upande ule mwingine."

Majira yote ya kuchipua alikuwa anagombana na bega, na springi, na mipira, na Imholz. Mkono ulikuwa unatetemeka kweli, wala hakuna aliyemdanganya. Ila kwa kuwa ulikuwa unatetemeka, kila risasi mbovu ilikuwa ya mkono. Sasa bunduki imetulia kama meza, na hapakuwa na mtu wala kitu cha kulaumu. Akaogopa, pale pale mkekani, kama ambavyo hakuwahi kuogopa hata hospitalini.

Mechtild akainama zaidi, Leonz asisikie.

"Sogeza kulia. Kidogo tena. Hapo. Hiyo ndiyo nne. Piga, Baba, mimi nitakuwa nakuangalizia. Hakuna atakayejua."

Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio. Doa lilikuwa limekaa. Risasi kumi, na Oktoba jina lake lingesomwa, na mtu anayemwonyesha njia ya kumshinda alikuwa ameingoja nafasi hiyo mara tisa. Alisikia pumzi ya binti yake sikioni. Ilikuwa imetulia, pumzi ya mpigaji mzuri.

Meinrad akachomoa magazini, akafungua bunduki, akaiacha juu ya ile miguu ya kijivu.

"Leonz, andika Mechtild."

"Hujapiga hata moja."

"Nimepiga tatu. Zote kumi. Muulize yeye."

"Baba, mimi sitaki kupewa," Mechtild akasema, na macho yalikuwa yamemwiva.

"Hupewi. Sioni." Akasema kwa sauti ya kusikika banda zima, na naye alikuwa analisikia neno hilo kwa mara ya kwanza. "Sizioni zile namba."

Hakuna aliyecheka. Leonz akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa. Kisha akasema kwamba hata hivyo karatasi inataka risasi kumi, na Mechtild bado ana tisa za kupiga, kwa hiyo watu warudi nyuma ya mstari.

Meinrad akainuka kwa magoti, moja kwanza, halafu la pili. Akavuta kiti, akakiweka nyuma ya mkeka wa binti yake.

"Oktoba utanipeleka kule juu," akasema. "Nitakaa hivi. Utaniambia kila moja imeingia wapi."

"Kila moja."

"Hata mbaya."

"Hata mbaya, Baba."

Mechtild akalala, akavaa viziba masikio, akajipanga. Mlio ukapita bandani. Mechtild akatazama kioo chake, akageuza kichwa.

"Saba," akasema. "Chini, kulia."