Oiva na Mtungi wa Kotka

Raili aliposikia kwamba anayekuja kuung'oa mtungi ni Oiva, alijimwagia kahawa ya moto mkononi na wala hakupiga kelele.

Alikuwa ameuendesha mtungi ule wa chuma tangu usichana wake, pale kiwandani Kotka, Ufini. Ndani yake, sukari iliyotolewa katika mbao za mbetula, miti ya magome meupe, ilishindiliwa haidrojeni juu ya unga wa nikeli mpaka ikageuka zailitoli, ile sukari inayopoza ulimi. Sasa kiwanda kilikuwa kinafungwa, na mtungi umenunuliwa na Wachina. Oiva, fundi mwenzake wa zamani, ndiye aliyekwenda kwao kuwasimikia mitambo. Aliaga bandarini akisema ni mwaka mmoja tu. Hakurudi, na Raili hakuolewa.

Raili alimkuta Oiva chini ya ngazi, mvi zimemjaa.

"Wee Raili! Bado hawajakufukuza tu?"

"Wananiogopa. Na wewe Kifini bado unakikumbuka, au unabahatisha?"

Wakacheka.

Kazi ikaanza. Raili alifunga haidrojeni, akapuliza naitrojeni mabombani mpaka hatari ya mlipuko ikaisha. Oiva akainama kando yake kulegeza nati. Mabega yao yakagusana. Raili hakusogea.

"Twende wote," Oiva akasema bila kumtazama. "Kule hakuna anayeujua mtungi huu. Nami niko peke yangu."

Maneno hayo Raili alikuwa ameyangoja mpaka akachoka kuyangoja.

"Ungeniambia siku ile bandarini, ningepanda meli hata bila koti. Sasa mama yangu amezeeka, hamtambui mtu mwingine ila mimi."

"Niliogopa utakataa."

"Mjinga wewe."

"Najua."

Mtungi ukaondoka juu ya lori, na Oiva akaondoka nao. Raili akapata kazi ya kupika katika nyumba ya wazee, mama yake akiwa mmoja wao. Majira ya baridi yale mama akafariki.

Sikukuu ya Juhannus, ile ya katikati ya kiangazi, mchana, simu ikalia.

"Mtungi umewaka," Oiva alisema kutoka China. "Ila unanuna, kama ulivyokuwa unanuna kwako."

"Ubembeleze."

"Unafanya nini sasa hivi?"

"Nakoka moto wa sauna."

"Peke yako?"

"Njoo basi, nisiwe peke yangu."

Oiva akauliza kama basi la kutoka uwanja wa ndege wa Helsinki bado linasimama karibu na kanisa.

"Linasimama," Raili akajibu.

Simu ikakatika. Akaketi kizingitini pa kibanda kile cha kuogea mvuke, moshi ukimwingia machoni, akasahau hata kuongeza kuni.